Pumzi Hurudi Kabla ya Kisigino

"Habari za kazi daktari. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina miaka 47 na watoto wanne. Shuleni nilikuwa mkimbiaji wa mita 1,500, nikafika UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa. Niliacha nilipoanza kuzaa. Nimefundisha Dar es Salaam miaka mingi, mwaka jana nikahamishiwa Iringa, na mama yangu naishi naye. Uzito wangu ni kilo 82. Presha nilipimwa shuleni mara moja ikawa 144 kwa 90, situmii dawa. Miezi miwili iliyopita walimu wenzangu walianzisha jogingi ya alfajiri siku tano kwa wiki: tunateremka kutoka mjini hadi Ipogolo, tunapanda tena. Wiki ya kwanza nilitweta mpaka nikaona nyota. Wiki ya nne pumzi ikawa nzuri, nikaongeza mwendo. Wiki ya sita kisigino cha kulia kikaanza kuuma, hasa nikishuka kitandani asubuhi; nikitembea kidogo kinapoa. Nimepiga picha, nimeambiwa mfupa umeota. Wenzangu humeza vidonge vya maumivu, diklofenaki, kabla ya kukimbia na wananiambia nami nimeze. Mama anasema umri huu ni wa kutembea kwenda kanisani, nikikimbia magoti yataisha na baridi ya Iringa itaniingia kifuani. Tumejiandikisha kukimbia kilomita 21 Moshi mwishoni mwa Februari, imebaki miezi mitano. La mwisho naona aibu kulisema: nikikimbia mkojo hunitoka kidogo. Niache au niendelee?"

Mwalimu, pole na kisigino.

Umeuliza mambo mengi na yote nitayagusa, ila naona moja ndilo limeyabeba mengine: unataka kujua kama mama amesema kweli, kwamba wakati wako wa kukimbia umeshapita. Haujapita. Kazi yangu ni tiba ya viungo, yaani fiziotherapia, na nimewaona wanawake wa umri wako, na waliokuzidi kwa miaka kumi, wakirudi kwenye mazoezi na kudumu. Wanaokwama, mara nyingi hawakwamishwi na umri. Wanakwamishwa na lile ulilolifanya wewe wiki ya nne, nalo humpata kwa urahisi zaidi mtu aliyewahi kuwa mkimbiaji kuliko ambaye hajawahi kukimbia kabisa. Ngoja nikueleze kilichotokea mwilini mwako. Ukishakielewa, nusu ya maamuzi utayafanya mwenyewe.

Wiki ya kwanza ulitweta, na ilikuwa lazima. Moyo usiozoeshwa husukuma damu kidogo kwa kila pigo, kwa hiyo hulazimika kupiga haraka. Ukianza kuuzoesha, kinachobadilika mapema kabisa ni damu yenyewe. Ndani ya wiki moja au mbili mwili huongeza majimaji ya damu, moyo unajaa vizuri zaidi kabla ya kusukuma, na kila pigo linapeleka damu nyingi kuliko zamani. Baada ya hapo, ndani ya misuli vinaongezeka vile vinu vidogo vinavyochoma chakula kwa oksijeni, na vishipa vyembamba vya damu vinachipua kuizunguka misuli hiyo. Mtu huanza kuyahisi haya kati ya wiki ya nne na ya nane. Kwa hiyo wiki ya nne ulipojisikia umerudi, hukujidanganya. Pumzi ilikuwa imerudi kweli.

Mguu ulikuwa bado njiani. Kano, zile kamba ngumu zinazofunga msuli kwenye mfupa, hupata damu kidogo mno zikilinganishwa na msuli, na kitu kinachopata damu kidogo hujengwa polepole. Kano huhesabu miezi. Mfupa nao una utaratibu ambao wengi hawaujui. Ukiupa mzigo mpya, mwili hutuma kwanza seli za kubomoa, zikaondoa sehemu zilizochakaa, ndipo zije seli za kujenga. Ni kama fundi anayebomoa ukuta wenye ufa kabla ya kupanga tofali upya. Mzunguko mmoja huchukua kama miezi mitatu au minne, na katikati yake kuna majuma ambayo ukuta wa zamani umeshashuka na mpya haujakauka. Majuma hayo hayo ndiyo pumzi inakwambia ongeza mwendo. Ukiisikiliza pumzi peke yake, kuna mahali patakatika.

Halafu kuna kumbukumbu. Mtu ambaye hajawahi kukimbia huanza polepole kwa sababu mwendo mwingine haujui. Wewe unaujua. Mabega, mikono, urefu wa hatua, vyote bado vimo ndani yako tangu enzi za UMISSETA, na mara tu pumzi ilipofunguka vilitoka vyenyewe. Lakini msichana yule hakuwa na kilo 82. Mtu akikimbia, mguu unapotua hubeba kama mara mbili mpaka tatu ya uzito wa mwili, na kilomita moja ya mwendo wa kawaida ina hatua zaidi ya 1,000. Piga hesabu mwenyewe, kwa siku tano za wiki, kwenye mlima wa Ipogolo.

Huo mlima lazima niuzungumzie peke yake. Wengi wanaohamia Nyanda za Juu Kusini kutoka pwani huilaumu hewa, na hawajakosea kabisa. Mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, Mbeya umepanda zaidi, Njombe zaidi tena. Oksijeni hewani ni asilimia ileile 21 kama Dar es Salaam, ila mgandamizo wa hewa umeshuka mpaka takribani asilimia 83 ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni pungufu. Mwili hujibu kwa kupumua zaidi, na baada ya wiki kadhaa huongeza chembe nyekundu za damu. Wewe una mwaka mzima hapa. Hewa umeshaizoea kwa sehemu kubwa. Kinachokutesa sasa ni mwinamo. Ukipanda kutoka Ipogolo unakanyaga kwa mbele ya mguu, kisigino kinabaki chini, na kigimbi pamoja na utando wa unyayo vinavutwa kila hatua. Ukiteremka, misuli ya mapaja inafanya kazi ya breki: inakaza huku inarefuka. Ndiyo kazi inayoichana misuli kuliko nyingine zote, nayo huacha yale maumivu ya siku mbili yanayomfanya mtu ashuke ngazi kinyumenyume. Nanyi mlianza na kuteremka, alfajiri, misuli ikiwa baridi. Kama ni lazima muuguse mlima huo, upandeni kwa kutembea na mshuke kwa daladala. Haya nawaambia pia wasomaji wa Mbeya wanaoanza mazoezi kwa kupanda mlima Loleza kila Jumamosi: kupanda hakuna neno, kazi iko kwenye kushuka.

Sasa kisigino. Maumivu makali katika hatua za kwanza asubuhi, yanayopoa ukitembea, kisha yanarudi ukikaa muda mrefu na kunyanyuka: maelezo hayo karibu yote yanaelekea kwenye utando wa unyayo. Ni mkanda mgumu unaotoka kwenye mfupa wa kisigino hadi mizizi ya vidole, nao ndio unaoshikilia upinde wa mguu. Usiku vidole huelekea chini, mkanda unalala umejikunja, na ukikanyaga sakafu ghafla unavutwa pale unapoanzia.

Kuhusu mfupa kuota, naomba usiogope. Nimewaona watu walioletewa picha hiyo wakajihesabu vilema. Kile kijiti kinachoonekana kwenye picha watu wengi wanacho na hawajawahi kuumwa hata siku moja, na wapo wanaoumwa sana ambao picha zao ni safi. Maumivu yanatoka kwenye utando, kwa hiyo tunautibu utando. Mtu akikushauri kuchongwa mfupa kwa sababu ya picha peke yake, tafuta ushauri wa pili. Sindano ya kisigino nayo hutuliza kwa wiki kadhaa, lakini ikirudiwarudiwa inaweza kuudhoofisha utando mpaka ukachanika, kwa hiyo siiweki mwanzoni.

Fanya hivi. Kabla hujashusha miguu kitandani, weka mguu wa kulia juu ya goti la kushoto, shika vidole uvivute kuelekea kwako mpaka uhisi unyayo umekaza, hesabu mpaka kumi, achia. Rudia mara kumi. Fanya tena mchana na jioni. Kisha kila baada ya siku moja, simama kwenye ngazi, kunja taulo uliweke chini ya vidole, shika ukuta, panda juu ya vidole taratibu kwa hesabu ya tatu, tulia kwa hesabu ya mbili, shuka kwa tatu. Mara kumi na mbili, pumzika, rudia mizunguko mitatu. Anza kwa miguu miwili. Mguu mmoja utafuata ukiweza. Chupa ya maji iliyoganda, ukiiviringisha chini ya unyayo jioni, inapooza vizuri. Na usitembee peku kwenye saruji. Wewe ni mwalimu, unasimama vipindi vinne mfululizo kwenye sakafu ngumu. Ukivaa viatu vyembamba visivyo na kisigino chochote unaubomoa mchana ule utando unaoujenga asubuhi. Vaa kiatu chenye soli nene kidogo, hata kama hakipendezi na gauni. Watu wengi hupona kwa njia hii, ila hesabu miezi. Ukiona wiki mbili zimepita na nafuu ni ndogo, bado uko kwenye njia.

Diklofenaki kabla ya kukimbia, hapana. Hapa sina njia ya katikati, na ningependa uwasomee wenzako. Ukikimbia, damu hukimbilia kwenye misuli, na figo hulindwa na kemikali fulani zinazoacha mishipa yake wazi. Dawa za kundi hilo huzuia kemikali hizohizo. Mtu aliyetoka jasho, hajanywa maji, tumbo tupu alfajiri, amemeza vidonge viwili: figo zinabaki bila kinga, na tumbo linaweza kutoka vidonda. Dawa hizo pia hupandisha presha, nawe yako tayari iko mpakani. Isitoshe, maumivu ndiyo breki pekee uliyo nayo kwa sasa. Ukiizima hutajua umeharibu kiasi gani mpaka dawa iishe nguvu.

Nadhani wenzako watakutajia John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu wa marathoni, na wana haki ya kumtaja. Mexico City, 1968, alianguka njiani akaumia goti, akafungwa bandeji, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Nchi hii itamkumbuka daima. Lakini ile ilikuwa Olimpiki, inayokuja mara moja kwa miaka minne. Mazoezi ya Jumanne yapo kila Jumanne, na ukiyaacha wiki hii hakuna atakayekuuliza.

Magoti. Mama amerudia wanachosema watu wengi, na mantiki yake inaeleweka, kwani tairi likitumika huisha. Goti lakini si tairi. Gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, haina mishipa ya damu. Inalishwa kwa kukamuliwa na kuachiwa, kama sifongo, kila unapokanyaga na kunyanyua. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2017 uliokusanya tafiti nyingi ulikuta kuchakaa kwa magoti na nyonga kwa asilimia 3.5 ya wanaokimbia kwa afya zao, asilimia 10.2 ya wasiokimbia, na asilimia 13.3 ya wakimbiaji wa mashindano makubwa. Sitakuambia takwimu hizo zinathibitisha kwamba kukimbia hutibu magoti, kwa sababu mwenye magoti mabovu huacha kukimbia mapema na hesabu huegemea upande mmoja. Ila zinatosha kumjibu mama. Na kwa mwanamke anayekaribia ukomo wa hedhi kuna faida nyingine: homoni zinaposhuka, mifupa huanza kupoteza uzito kwa kasi, na kishindo cha wastani ni mojawapo ya vichache vinavyoiambia mifupa ijijenge. Kuhusu baridi kuingia kifuani, mwambie kwamba nimonia huletwa na vimelea. Hewa baridi ya Juni na Julai inaweza kubana kifua cha mwenye pumu, huyo nitamtaka awe na dawa yake mfukoni na afunike pua kwa kitambaa. Kwako inatosha kupasha mwili ndani ya nyumba dakika tano kabla ya kutoka, na kubadili fulana yenye jasho mara ukirudi.

Kwa kuwa nimetaja jasho: wapo kwenye vikundi wanaokimbia wamejifunga nailoni tumboni au wamevaa koti zito ili kitambi kiyeyuke. Kinachotoka ni maji, yatarudi ukinywa. Kilomita tano kwa uzito wako zinachoma nguvu isiyozidi ya chapati mbili. Uzito utapungua kwa sahani zaidi kuliko kwa barabara, nami nakuomba usiupunguze kwa kujinyima. Msuli wa miaka 47 unahitaji maharage, mayai, dagaa na maziwa kuliko wa miaka 20 ili ujijenge.

Sasa lile uliloliweka mwisho. Wanawake wengi wanaoniambia jambo hili hungoja mpaka wameshashika kitasa cha mlango wakitoka, kwa hiyo nakushukuru umeliandika. Si la aibu na wala halina uhusiano na uzembe. Chini ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa kama machela, inabeba kibofu na kizazi. Umezaa mara nne, imevutwa mara nne. Mguu ukitua, shinikizo la tumbo linashuka ghafla juu ya machela hayo, nayo yanachelewa kukaza. Yanafundishika. Kaza kama unayezuia upepo na mkojo kwa wakati mmoja, bila kubana makalio wala kushika pumzi, hesabu mpaka nane, achia kabisa kwa hesabu ya nane. Fanya mara nane hadi kumi na mbili, mizunguko mitatu kwa siku. Unaweza kuifanya ukisahihisha madaftari, hakuna atakayejua. Usijizoeshe kuifanya ukiwa katikati ya kukojoa. Ipe miezi mitatu kabla ya kuihukumu. Wakati huo usipunguze maji ya kunywa, kwani mkojo mzito hukikera kibofu na kuzidisha haja. Ila ukihisi kama kuna kitu kinashuka ukeni, au ukiona damu kwenye mkojo, au maumivu, nenda ukaonwe.

Presha ya 144 kwa 90, iliyopimwa mara moja tena shuleni, haitoshi kukupa jina la ugonjwa. Haitoshi pia kuipuuza. Pima siku tatu tofauti, ukiwa umekaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, hujatoka kupanda ngazi wala kunywa kahawa. Ikibaki 140 kwa 90 au zaidi, muone daktari. Na usije ukaacha mazoezi kwa sababu hiyo, maana mazoezi ya pumzi yakidumu hushusha namba ya juu ya presha kwa takribani pointi 5 mpaka 8 kwa wenye tatizo hilo. Siku ukikuta 180 kwa 110, usikimbie kabisa, nenda hospitali. Pia umeandika kwamba uliona nyota. Kama ulikuwa msemo tu wa kuonyesha umechoka, tuuache. Lakini kama macho yalitiwa giza ukiwa katikati ya kukimbia, au kifua kilibana, au moyo ulienda ovyo, au katika ukoo wenu kuna mtu aliyeanguka na kufa ghafla kabla ya miaka 50, basi kabla ya jambo lingine lolote nataka ufanyiwe kipimo cha umeme wa moyo. Hospitali ya rufaa ya mkoa ndiyo mahali pa kuanzia.

Ukiwa huko, omba wapime na wingi wa damu na sukari. Katika umri huu hedhi huweza kuvurugika na kuwa nzito, na mwanamke anaweza kukimbia miezi akilaumu mlima kumbe damu iko chini ya gramu 12 kwa desilita. Tena sisi wa huku tunakunywa chai sana. Chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma kufyonzwa, kwa hiyo maharage na msusa, yale majani ya maboga, vinapita bure. Iache mpaka saa moja baada ya kula.

Sasa ratiba. Wiki nne za kwanza usikimbie. Tembea haraka mara tatu au nne kwa wiki, dakika 30 mpaka 40, kwenye njia iliyo tambarare, kama kisigino kinakubali. Ukipata baiskeli, endesha siku nyingine mbili. Moyo haujui kama ni baiskeli au miguu, unachojua ni kazi, na ile pumzi uliyoipata kwa shida hutaipoteza. Kisha tunaanza kuchanganya, siku tatu kwa wiki zisizofuatana, kwenye nyasi za uwanja wa shule: kimbia dakika moja, tembea tatu, mara nane. Ukimaliza wiki mbili bila kisigino kulalamika, kimbia mbili tembea mbili. Kisha tatu kwa moja. Tano kwa moja. Kila hatua ipe wiki mbili, hata kama unajisikia unaweza kuruka. Hasa ukijisikia unaweza kuruka. Kufikia wiki ya kumi au kumi na mbili ya mchanganyiko huo utaweza kukimbia nusu saa bila kusimama.

Mwendo wake utaupima hivi: fikiria unaita mahudhurio ya darasa. Kama unaweza kuita majina matano mfululizo kwa sauti ya kawaida kabla ya kuvuta pumzi, uko sawa. Ukiweza kuita jina mojamoja, umekwenda kasi, punguza, hata kama mwalimu wa hesabu anakupita. Maumivu nayo yapime kwa kumi. Yakifika mbili au tatu wakati wa mazoezi na kesho yake asubuhi kisigino hakijawa kibaya kuliko jana, endelea. Yakizidi hapo, rudi hatua moja nyuma kwa wiki. Siku mbili katika wiki ongeza mazoezi ya nguvu nyumbani: kukaa na kusimama kwenye kiti bila kutumia mikono, baadaye ukiwa umekumbatia dumu la lita tano, na kulala chali, magoti yamekunjwa, ukinyanyua makalio. Hayo ndiyo yatakayokushusha mlima salama mwakani.

Raba za mtumba sina ugomvi nazo, nyingi ni nzuri kuliko mpya za bei rahisi. Bonyeza soli ya kati kwa dole gumba: ikiwa ngumu kama ubao, sifongo lake limekufa. Iweke mezani uitazame kwa nyuma. Ikiwa imelala upande mmoja, iache, hiyo imeshakariri mguu wa mtu mwingine. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole. Na sidiria ibane vizuri. Alfajiri msiende peke yenu, vaeni kitu cheupe, kaeni upande unaotazamana na magari. Pale Ipogolo ni barabara kuu ya Tunduma, na dereva wa lori aliyekesha hawezi kukuona kwa trakisuti nyeusi.

Tukija Moshi: hesabu wiki. Miezi mitano ni kama wiki ishirini. Nne za kutembea, kumi na mbili za kuchanganya, zinabaki nne. Hizo hazitoshi kumtoa mtu kutoka nusu saa hadi kilomita 21. Tena njia ya nusu marathoni ya Kilimanjaro hupanda kuelekea Mweka na kuteremka, yaani utarudia Ipogolo kwa ukubwa, tena kwenye joto kuliko la huku. Unaweza kulazimisha kwa kutembea sehemu kubwa, wapo wanaofanya hivyo na wakafika. Kwa kisigino hiki sikushauri. Waandaaji wana mbio za kilomita tano. Omba jina lihamishiwe huko, usafiri na wenzako kwenye basi lilelile, ukimbie tano zako ukiwa mzima, uwangoje mwisho na maji. Baada ya hapo utakuwa na mwaka mzima wa kujenga miguu kwa ajili ya 21 ya Februari inayofuata. Najua si jibu ulilolitaka. Kama ungekuwa dada yangu wa tumbo moja, ndilo ningekupa.

Kuna mambo ambayo maandishi hayawezi kuyatibu. Kama maumivu ya kisigino yanakuamsha usiku, au mguu umevimba, au una ganzi, au ukiuminya mfupa wa kisigino pembeni kwa vidole viwili unaruka, acha kutembea kwa mazoezi na uende ukaonwe, kwani mfupa huenda umepata ufa mwembamba ambao picha ya mapema hukosa kuuona. Hali kadhalika kama wiki kumi na mbili za mazoezi ya taulo zimepita na asubuhi zako hazijabadilika. Hospitali ya rufaa ya mkoa hapo Iringa ulizia fiziotherapia, na uende na raba zako unazokimbilia. Soli yake hutuambia mengi.

Kwa Jumapili hii, mama kasema umri wako ni wa kutembea kwenda kanisani. Mpeleke. Toka nyumbani mapema, mwende kwa mwendo wake, umfikishe akae. Kama misa bado, zunguka uwanja wa kanisa kwa mwendo wako mpaka dakika 30 zitimie. Ndiyo siku ya kwanza ya ratiba.